Je, fizikia ya kisasa inathibitisha au inakanusha kuwepo kwa Muumba?

Kijana wa Temeke

Shikamooni wakubwa zangu, na wenzangu habari zenu. Nimehitimu kidato cha sita kwa mchepuo wa PCM na nasubiri kujiunga na chuo. Naomba msaada katika jambo ambalo limeninyima utulivu.

Mtaani kwetu huwa tunakaa barazani baada ya isha, Waislamu kwa Wakristo, na mazungumzo hugusa kila kitu. Juzi mzee mmoja tunayemheshimu sana alisema kuwa wanasayansi wenyewe wamekiri kwamba ulimwengu una mwanzo, hivyo kuwepo kwa Mwenyezi Mungu kumekwisha kuthibitishwa na hakuna tena haja ya kubishana. Binamu yangu anayesoma chuo akamjibu, kwa adabu lakini bila kuyumba, kwamba fizikia ya kwanta, ile inayohusu chembe ndogo mno, imeonyesha kuwa ulimwengu unaweza kujitokeza wenyewe pasipo chochote, na kwa hiyo Muumba hana kazi iliyobaki. Wote wawili walitegemea nadharia ile ile ya Mlipuko Mkuu (Big Bang), kila mmoja akavuna alichokitaka.

Ningependa kujua nadharia hiyo inasema nini hasa kuhusu mwanzo. Pia, kama ni kweli kwamba chembe ndogo hutenda mambo bila sababu iliyotangulia, kama tulivyodokezwa darasani, tuseme nini kuhusu kudura? Nataka kujua ni yapi ninayoweza kuyasema kwa haki mbele ya watu, na ni yapi nisiyoweza.

Mwalimu Mstaafu, Kimara

Marahaba, kijana wetu. Nimefundisha fizikia sekondari kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na swali lako nimelisikia kwa sura nyingi. Niruhusu nianze na mtu ambaye habari zake zilistahili kufundishwa pamoja na nadharia yenyewe.

Georges Lemaître alikuwa padri wa Kanisa Katoliki nchini Ubelgiji, na wakati huo huo mwanahisabati hodari. Mwaka 1927, akiitumia milinganyo ya mvutano ambayo Einstein aliikamilisha mwaka 1915, alionyesha kuwa ulimwengu unapanuka, miaka miwili kabla Edwin Hubble hajachapisha vipimo vyake maarufu vya galaksi. Mwaka 1931 akapiga hatua nyingine, akapendekeza kwamba tukiurudisha nyuma upanukaji huo tutafika kwenye hali moja ya awali iliyobeba kila kilichopo, ambayo aliiita atomi ya kwanza. Wapo waliomshuku kwa sababu ya kanzu yake, wakidhani anakiingiza kitabu cha Mwanzo ndani ya fizikia kwa siri.

Novemba 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili alikihutubia Chuo cha Kipapa cha Sayansi, akaeleza kwamba sayansi ya zama zake inaelekea kuwa shahidi wa lile neno la kwanza, "Iwe nuru." Mtu angetarajia padri wetu afurahi, lakini hakufurahi hata kidogo. Msimamo wake ulikuwa kwamba nadharia yake iko nje kabisa ya maswali ya dini, na kwamba inamwacha asiyeamini na uhuru wake wa kukana. Mwaka uliofuata Papa alipozungumza na wanaastronomia mjini Roma, hakuyarudia madai yale.

Kwa nini padri aukatae msaada kama huo? Naamini ni kwa sababu aliijua vizuri nadharia yake. Inachosema ni kwamba takriban miaka bilioni 13.8 iliyopita sehemu yote ya ulimwengu tunayoiona ilikuwa na joto na msongamano mkubwa mno, kisha ikapanuka na kupoa. Ushahidi upo. Mwaka 1964 Arno Penzias na Robert Wilson, wakiwa na antena kubwa huko New Jersey, Marekani, walinasa uvumi wa redio uliotoka pande zote za anga kwa kiwango kile kile. Ilikuwa ni nuru iliyoachiliwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka kama 380,000, ambayo kwa kusafiri muda wote huo imevutika na kupoa hadi nyuzi 2.7 tu juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa. Wenye umri wangu wanazikumbuka chenga za televisheni, kabla mitambo ya analojia haijazimwa hapa Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2012. Sehemu ndogo ya chenga zile ilitokana na nuru hiyo. Kila uliposogeza antena juu ya bati kutafuta picha, ulikuwa unapokea habari za kale kuliko jua lenyewe.

Hadi hapo tuko juu ya ardhi ngumu. Tatizo linaanza tunapozidi kurudi nyuma, kwani milinganyo ya Einstein inatoa jibu la msongamano usio na kikomo, na mwanafizikia akiona jibu la namna hiyo huchukulia kwamba kanuni imepelekwa kusikostahili. Stephen Hawking ni mfano mzuri. Akifuata njia iliyofunguliwa na Roger Penrose mwaka 1965, alionyesha kwamba kwa mujibu wa milinganyo hiyo ulimwengu lazima uwe na ukingo wa mwanzo, pale milinganyo yenyewe inapokwama. Kisha mwaka 1983, pamoja na James Hartle, alipendekeza kielelezo cha kwanta ambacho ndani yake ukingo huo haupo kabisa. Wapo pia wanaojenga vielelezo vyenye awamu iliyoutangulia Mlipuko Mkuu. Hakuna kilichothibitishwa kati ya hivyo. Mzee wa barazani, basi, anaitegemea sentensi ambayo wanafizikia hawajamaliza kuiandika, na kwa kweli linanisumbua jambo hili la watu wazima kuwajengea watoto imani juu ya kielelezo kinachoweza kubadilishwa na darubini ijayo. Kikibadilishwa, mtoto atadhani kwamba Mungu naye amebadilishwa.

Ustadhi wa Magomeni

Assalaam alaykum. Namshukuru Mwalimu, na ningependa kuongeza lile ambalo wanazuoni wetu walilijadili kwa kina kabla ya darubini yoyote.

Kijana wa Temeke, bila shaka umewahi kusikia katika mihadhara kwamba aya ya 30 ya Suratul Anbiyaa, inayozungumzia mbingu na ardhi kuwa zilikuwa zimeambatana kisha zikatenganishwa, ni Mlipuko Mkuu wenyewe. Mimi huwa nasita. Naiamini aya, lakini sina idhini ya kuifunga kwenye nadharia ya binadamu, kwa sababu ile ile aliyoitaja Mwalimu.

Ninachotaka ukione ni kwamba suala la kuumbwa halijawahi kuwa suala la tarehe peke yake. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alishika kwamba kila tunachokiona kinaweza kuwepo na kinaweza kutokuwepo, kwa hiyo kuwepo kwake hakutoki ndani yake, bali kunamtegemea Yule ambaye kuwepo kwake ni wajibu. Hoja hiyo aliiona inasimama hata kama ulimwengu hauna siku ya kwanza. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alimpinga vikali katika suala la ulimwengu kutokuwa na mwanzo, na Ibn Rushd akaja kumjibu Ghazali. Kwa upande wa Wakristo, Thomas wa Aquino katika karne ya 13 aliukubali mwanzo wa ulimwengu kwa sababu ya ufunuo, huku akikiri kwamba akili peke yake haiwezi kuuthibitisha. Ona jinsi watu wa dini wenyewe walivyotofautiana kuhusu mwanzo bila kutofautiana kuhusu Muumba.

Mwanga wa chumbani unaitegemea taa wakati wote inapowaka, si pale tu ilipowashwa. Anayesema ulimwengu umeumbwa anasema, kwa mujibu wa wanazuoni hawa, kwamba unategemea hivi sasa, dakika hii, kama ulivyotegemea mwanzo. Hakuna antena inayoweza kuupima utegemezi huo, wala kuupinga.

Nikupe ushahidi wa karne yetu iliyopita. Mwaka 1979 Abdus Salam wa Pakistani alipata tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Wamarekani wawili, Steven Weinberg na Sheldon Glashow, kwa nadharia inayoiunganisha nguvu ya sumaku-umeme na nguvu hafifu ya ndani ya kiini cha atomi. Salam alizinukuu aya za Suratul Mulk kwenye karamu ya tuzo hiyo, zile zinazomtaka mtu arudie kutazama mbinguni aone kama kuna kasoro. Weinberg kwa upande wake alikuwa ameandika, miaka michache kabla, kwamba kadiri ulimwengu unavyoeleweka ndivyo unavyoonekana hauna lengo lolote. Milinganyo yao ilikuwa ile ile, tuzo ile ile. Imani ya mmoja na ukanushaji wa mwingine vilitoka mahali pengine, na mahali hapo ndipo panapostahili kuchunguzwa.

Mdadisi wa Sinza

Nimewasoma wote wawili kwa makini. Mimi si mtu wa dini, nalisema hili wazi ili nisidhaniwe vingine, lakini nakubali kwamba binamu amevuka mpaka.

Kinachoitwa ombwe, yaani nafasi tupu, katika fizikia ya kwanta kina mengi ndani yake. Kina nyuga za kwanta zinazotetemeka hata pale chembe zote zinapoondolewa. Mwaka 1948 Mholanzi Hendrik Casimir alikokotoa kwamba bamba mbili za metali zisizo na chaji, zikiwekwa karibu sana ndani ya ombwe, zitavutana. Na mwaka 1997 nguvu hiyo ilipimwa kwa usahihi mkubwa. Kitu kinachosukuma bamba za metali hakiwezi kuitwa kutokuwepo. Na hata kielelezo kinachoanza pasipo nafasi wala muda bado kinaanza na kanuni za fizikia, ambazo nazo ni kitu. Hivyo anayesema fizikia imeeleza kwa nini kuna chochote badala ya kutokuwepo chochote amelibadilisha swali kabla ya kulijibu.

Hata hivyo sikubaliani na Ustadhi kwamba lazima jibu lipatikane. Mwaka 1948 huo huo, katika mjadala uliorushwa na redio ya BBC, mwanafalsafa Bertrand Russell alimwambia padri Frederick Copleston kwamba ulimwengu upo tu, na basi. Kila kitu ndani ya ulimwengu kuwa na sababu hakumaanishi kwamba ulimwengu wote nao una sababu. Isitoshe, tukimkubali huyo ambaye kuwepo kwake ni wajibu, tumefika wapi? Anasikia dua? Anajali kama mtoto wa jirani anaumwa malaria? Safari kutoka kwa Ibn Sina hadi kwenye mkeka wa swala ni ndefu, na fizikia haitoi nauli.

Kuna hoja moja ya waumini ambayo naiheshimu zaidi ya hiyo ya mwanzo, nayo ni ya ulinganifu wa kanuni, yaani kanuni za fizikia kuonekana zimepimwa sawasawa ili tuweze kuwepo. Mwaka 1953 mwanaastronomia Fred Hoyle alibashiri kwamba kiini cha kaboni lazima kiwe na kiwango fulani cha nishati, la sivyo nyota zisingeweza kuitengeneza kaboni ya kutosha, nasi tusingekuwepo. Vipimo vikakikuta kiwango hicho pale pale karibu na alipokisema. Hoyle, ambaye hakuwa mtu wa dini na aliupinga Mlipuko Mkuu hadi mwisho wa maisha yake, aliandika baadaye kwamba mambo yanaonekana kana kwamba kuna akili kuu iliyozigusa kanuni za fizikia. Nakiri kwamba jambo hilo linanifikirisha. Ninachokwama nacho ni kwamba tunao ulimwengu mmoja tu wa kuuangalia, na sijui mtu anawezaje kukokotoa uwezekano wa tukio ambalo hana la kulilinganisha nalo.

Ustadhi wa Magomeni

Ndugu Mdadisi, nashukuru kwa uwazi wako. Kuhusu dua nakubaliana nawe: hoja ya Ibn Sina haitufikishi kwenye mkeka wa swala, na Ghazali mwenyewe alilalamikia jambo hilo hilo. Tunafika huko kwa ufunuo na kwa maisha yanayoishwa ndani ya ufunuo huo.

Ila neno la Russell siwezi kuliacha lipite. Penzias na Wilson waliposikia uvumi katika antena yao, jambo la kwanza walilolifikiria ni hitilafu ya chombo. Waliikagua mitambo, wakawaondoa njiwa waliokuwa wamefanya kiota ndani ya antena, wakasafisha kinyesi chao, na uvumi ukabaki. Laiti wangesema "upo tu, na basi," tusingekuwa na mazungumzo haya. Sayansi yote inatembea kwa kukataa kauli hiyo, kisha tunaambiwa tuikubali mahali ambapo swali ni kubwa kuliko yote. Yawezekana ni haki kuikubali hapo, lakini anayeikubali anadaiwa maelezo kwa nini hapo na si kwingine.

Kijana wa Temeke

Nawashukuru sana, wakubwa zangu. Mwalimu, bado naomba ufafanuzi kuhusu kwanta na kudura. Jambo jingine limenijia nilipokuwa nasoma majibu haya: tulifundishwa kwamba kwa mujibu wa nadharia ya uhusianifu ya Einstein hakuna saa moja kwa wote. Sasa ile miaka bilioni 13.8 imehesabiwa kwa saa ya nani?

Mwalimu Mstaafu, Kimara

Kijana, maswali yote mawili ni mazuri, na la pili ni zuri zaidi.

Kuhusu kwanta, chukua atomi mbili za kaboni-14, zisizo na tofauti yoyote inayojulikana. Nusu ya atomi za aina hiyo huoza, yaani hugeuka kuwa atomi za aina nyingine, katika miaka 5,730, lakini katika hizo mbili moja yaweza kuoza usiku huu na nyingine ikakaa miaka elfu kumi, na nadharia haina pa kuitaja sababu ya tofauti hiyo. Einstein hakuridhika, akaamini kwamba kuna sababu zilizofichika. Mwaka 1964 John Bell akapata njia ya kulipeleka suala hilo maabara, na majaribio ya John Clauser, Alain Aspect na Anton Zeilinger, waliotuzwa Nobel mwaka 2022, yameonyesha kwamba sababu zilizofichika za aina aliyoitaka Einstein, zinazokaa mahali pamoja na chembe bila kuathiriwa papo hapo na yanayotendeka mbali, haziwezi kuyaeleza matokeo.

Lakini usikimbilie kusema kwamba sababu zimekufa. David Bohm alichapisha mwaka 1952 maelezo ya kwanta ambamo kila kitu kimepangika tangu awali, kwa gharama ya kukubali kwamba vitu vilivyo mbali huathiriana, na majaribio hayo hayajayakanusha. Kwa hiyo mwenye kushika kwamba kila tukio limekadiriwa hajashindwa na maabara, na asiyeshika hivyo naye hajashindwa. Nimewasikia pia wanaosema kwanta imempa ushindi Ghazali, ambaye alifundisha kwamba moto hauunguzi pamba kwa nguvu zake, bali Mungu huuumba uunguzaji kila moto unapoigusa pamba. Ghazali alikuwa anazungumzia kila tukio, kubwa na dogo, wakati kwanta inatoa uwezekano unaofuata hesabu kali isiyokosea. Na wale wanaotafuta hiari ya binadamu humo, nawauliza: mkono wangu ukitikisika kwa bahati nasibu, nimekuwa huru zaidi au nimekuwa mgonjwa?

Sasa saa. Dereva wa bodaboda anayefuata ramani ya simu kutoka Mwenge kwenda Mbezi anaitegemea nadharia ya Einstein, hata kama hajawahi kuisikia. Saa za satelaiti zinazomwongoza, zikiwa juu kilomita takriban 20,000, hutangulia saa za ardhini kwa sehemu kama 38 za milioni ya sekunde kila siku. Na kama zisingerekebishwa, kosa la mahali lingeongezeka kwa kilomita kama kumi kila siku. Kutokana na hilo baadhi ya wanafalsafa wamehitimisha kwamba "sasa" ya ulimwengu mzima haipo, na kwamba jana, leo na kesho vipo kwa usawa. Mwanafalsafa Boethius, aliyeuawa karne ya sita baada ya kufungwa, alisema Mungu huuona muda wote kwa pamoja, na wengi wamefurahia kuona fizikia ikimkaribia.

Mimi huwatahadharisha kwa sababu ya swali lako. Ile miaka bilioni 13.8 imehesabiwa kwa saa inayobebwa na upanukaji wenyewe wa ulimwengu, isiyokimbia upande wowote. Saa hiyo tunaweza kuitambua: ni ile ambayo kwake nuru ya kale ya Penzias na Wilson ina joto lile lile pande zote. Sisi hatuko juu ya saa hiyo kamili. Jua letu linakwenda kilomita kama 370 kwa sekunde kuilinganisha na nuru hiyo, ndiyo maana upande tunaouelekea unapimwa kuwa na joto zaidi kidogo, kwa sehemu kama tatu na nusu za elfu ya nyuzi moja, na upande wa pili umepungua kwa kiasi hicho hicho. Kasi hiyo ni ndogo sana mbele ya kasi ya nuru, hivyo umri tunaoupata hautofautiani na wa saa ile kwa kiasi cha kutusumbua. Lakini kwa maana hiyo ulimwengu huu tulio nao, tofauti na ule mtupu wa kwenye vitabu vya darasani, una saa inayoweza kuusoma wote kwa pamoja; na yeyote anayetaka kuijenga hoja yake, ya kidini au ya kuikanusha dini, juu ya madai kwamba Einstein ameifuta "sasa," inampasa kwanza aeleze saa hiyo inafanya nini pale.